Tairi la nyuma linapolika ndani

Tairi la mbele ni rahisi kulikagua: kata usukani hadi mwisho na utaliona lote, nje na ndani. La nyuma halikupi nafasi hiyo. Limejificha ndani ya upinde wa bodi, limeelekea mbele siku zote, na upande wake wa ndani, ambao kwenye magari mengi ya siku hizi ndio hulika kwanza, hauonekani mpaka mtu apige magoti au gari lipandishwe jeki. Kwa hiyo tatizo hugunduliwa likiwa limeshakomaa. Nje kashata, vile vipande vya mpira vinavyogusa lami, zimejaa, mifereji ina kina, mwenye gari ana amani. Ndani mpira umekwisha na nyaya zimeanza kutokeza.

Nalipa jambo hili uzito kwa sababu matairi ya nyuma ndiyo yanayoshika mkia wa gari. Ya mbele yakikosa mshiko kwenye barabara yenye maji, gari hukataa kukata kona. Dereva anahisi mikononi kwamba usukani umekuwa mwepesi, anapunguza mwendo, mara nyingi anapona. Ya nyuma yakikosa mshiko, mkia unatoka na gari linageuka, na hapo madereva wengi hawana tena la kufanya. Tairi la nyuma lililolika upande mmoja linamhusu kila aliyemo ndani ya gari, hata kama mwenye gari anawaza tu gharama ya kununua jingine.

Msimamo wangu, baada ya miaka ya kulala chini ya magari yangu na ya jamaa zangu, ni huu: mashine ya alaimenti, ile ya kupimia pembe za magurudumu, hupima gari lililosimama, ilhali tairi limeandikwa na gari linalotembea. Viwili hivyo vikipingana, mimi naanza na tairi.

Kulisoma tairi hakuhitaji mengi. Chukua kipimo cha kina cha mifereji, pima sehemu tatu: bega la ndani, katikati, na bega la nje. Kisha sogeza gurudumu robo mzunguko, upime tena. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi, na vile vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji huonyesha kwamba umefika 1.6, ambapo tairi halina tena kazi ya kufanya barabarani. Ukikuta nje 6, katikati 5.5 na ndani 2, tayari umepata nusu ya jibu. Katikati peke yake kukiwa kumelika, upepo ulizidi. Mabega yote mawili yakilika sawa, upepo ulipungua. Hayo mawili hayana mengi ya kuongea, yanaisha kwenye pampu ya upepo.

Kisha tumia kiganja. Angalia kwanza kama hakuna waya uliochomoza, maana utakukata, halafu pitisha mkono juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Tairi lenye afya huhisi sawa pande zote mbili. Tairi linaloburuzwa kando huwa na meno: mkono unateleza ukienda upande mmoja, unakwaruzwa ukirudi. Mkono ukiteleza kuelekea ndani ya gari na kukwaruzwa ukirudi nje, magurudumu yamefunga kupita kiasi, yaani pua zake zimeelekeana mbele. Ukiteleza kuelekea nje na kukwaruzwa ukiingia ndani, yamefunguka. Meno hayo hutangulia, upara hufuata. Anayepitisha kiganja mara kwa mara huligundua tatizo wakati tairi bado lina maisha marefu mbele yake.

Zipo alama nyingine za kuzunguka tairi, na hizi hutesa hasa nyuma ya magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Uzito mwingi upo mbele, kwenye injini, kwa hiyo tairi la nyuma hubeba kidogo na hurukaruka kwa urahisi. Shokapu ikichoka, tairi hugonga barabara, huinuka, hugonga tena, na baada ya muda utaona mabonde yaliyopangana kwenye mzunguko wake. Wakati mwingine upara hutokea kwa mshazari, mabaka yaliyokatiza tairi upande hadi upande. Hapo mara nyingi pembe mbaya na mzigo mdogo vimeshirikiana. Tairi la namna hiyo huunguruma. Watu wengi wamebadilisha beringi ambazo hazikuwa na kosa lolote kwa sababu ya mngurumo huo. Njia ya kutofautisha ni rahisi: hamishia matairi ya nyuma mbele, uendeshe barabara ileile. Sauti ikihama na matairi, beringi iache. Sauti ikibaki nyuma, na hasa ikibadilika uzito unapoegemea upande mmoja kwenye kona, hapo beringi ina kesi ya kujibu.

Sasa tuje kwenye pembe. Zinatajwa tatu: kemba, kasta na tou. Kasta ni habari ya magurudumu ya mbele yanayokata, tuiache. Kemba ni kuinama kwa gurudumu ukilitazama kutoka nyuma: kichwa chake kikiingia ndani, hiyo ni kemba hasi. Tou ni mwelekeo wa gurudumu ukilitazama kutoka juu: limefunga, limefunguka, au limenyooka.

Mtu akiona tairi limelika ndani, kitu cha kwanza kulaumiwa ni kemba, kwa sababu kuinama kunaonekana kwa macho. Lakini magari mengi yenye magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja likipanda na kushuka peke yake, hutoka kiwandani na kemba hasi ya digrii 1 au moja na nusu hivi, na matairi yake hudumu. Kemba huhamishia uzito mwingi kwenye bega la ndani, basi. Anayekwangua mpira ni tou. Kemba huchagua wapi palike, tou huamua palike kwa kasi gani.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hushtuka. Gurudumu moja lililopinda nusu digrii tu kutoka kwenye njia ya gari hulazimishwa kwenda kando mita 8.7 kwa kila kilomita moja. Katika kilomita 10,000 hizo ni kilomita 87 za kuvutwa upande. Mpira hauburuzwi wote kwa mpigo: kila sehemu ya tairi inapogusa lami hushika, huvutwa kando huku gari likisonga, kisha karibu na mwisho wa unyayo, yaani eneo la tairi linalogusa lami, huachia na kuteleza kurudi mahali pake. Mtelezo huo mfupi, unaorudiwa kila mzunguko, ndio unaosaga mpira na kuchonga yale meno. Na nusu digrii ni kiasi gani kwa macho? Kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 400, tofauti kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma ni milimita 3.5. Hakuna jicho linaloona hilo kwa kutazama gari lililoegeshwa. Ongeza kemba hasi inayokandamiza bega la ndani, na magurudumu yaliyofunguka, na tairi huisha upande wa ndani kabla hujazoea harufu yake ya upya.

Gari langu moja lilinifundisha jinsi kipimo cha kusimama kinavyoweza kuficha mambo. Lilikuwa la familia, na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja likishikwa na mikono kadhaa, yaani vyuma vinavyoliunganisha gurudumu na bodi. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa likilika ndani, na kiganja kilisema limefunguka. Gereji moja iliyapima magurudumu yote manne ikanipa karatasi ya namba za kijani tupu, yaani zote ndani ya kiwango, na fundi akanihakikishia kwamba tairi lenyewe ndilo bovu, kiwanda kimekosea. Sikukubali, kwa sababu meno yale hayakuwa na sababu nyingine ya kuwapo. Niliinua gari, nikaingiza mtaimbo kati ya mkono mrefu wa nyuma na bodi, nikasukuma. Bushi kubwa ya mbele ya mkono ule, kile kiungo cha mpira ndani ya bomba la chuma kinachoushikiza kwenye bodi, ilikuwa imechanika ndani. Mpira ulifunguka kama mdomo na mkono ukasogea waziwazi. Gari likiwa limetulia kwenye mashine, bushi ilikuwa imerudi mahali pake na namba zilikuwa nzuri. Kila breki ilipokanyagwa, gurudumu lilivutwa nyuma, mkono ukacheza, na tairi likafunguka. Mashine ilisema kweli, tairi lilisema kweli. Zilikuwa kweli za hali mbili tofauti.

Wahandisi wameujua mchezo huu wa bushi kwa muda mrefu. Porsche 928, iliyotoka mwaka 1977, ilikuja na ekseli ya nyuma iliyopewa jina la Weissach, iliyobuniwa ili mpira wa bushi ukibonyea dereva anapoachia mafuta au kukanyaga breki katikati ya kona, gurudumu lifunge kidogo badala ya kufunguka. Kufunguka ndiko kulikokuwa kukiyafanya magari yenye mikono ya nyuma iliyofungwa kwa mshazari yatoe mkia. Ubunifu wote ule ulitegemea bushi kuwa na ugumu uliokusudiwa. Bushi ikichoka, muundo mzuri kuliko yote hugeuka kuwa mikono inayoning'inia, na ndiyo maana nasema hakuna maana ya kulipeleka gari kwenye alaimenti kabla ya kukagua bushi, beringi za hab (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) na boljointi (viungo vya mviringo vya mikono). Kurekebisha pembe kwenye kitu kinachocheza ni kupima kwa kamba ya mpira.

Inafaa pia kujua nyuma ya gari lako kuna nini, kwa sababu jibu la "inarekebishika?" hutegemea hilo.

Magari mengi madogo yana boriti ya msokoto, ule mhimili mmoja unaounganisha mikono miwili na kujisokota kidogo gurudumu moja linapopanda. Volkswagen Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuwa miongoni mwa zilizoueneza. Ni muundo rahisi na mgumu kuharibika, lakini mara nyingi hauna bolti yoyote ya kurekebisha kemba wala tou. Ikiwa namba zimetoka nje ya kiwango, ama boriti imepinda, ama ekseli fupi ya hab imepinda, ama bushi zake mbili zimekufa. Fundi akikwambia "nyuma hakuna alaimenti" kwa gari la aina hii, ana haki nusu: kurekebisha hakuna, kupima kupo, na kupima ndiko kunakokwambia kama kitu kimepinda. Kwa upungufu mdogo huwekwa shimu, kipande chembamba cha chuma chenye unene usiolingana, kati ya hab na boriti. Kwa upungufu mkubwa badilisha boriti. Nisingekubali boriti yangu ichomwe moto na kunyooshwa kwa nyundo. Chuma kilichochaguliwa kwa ajili ya kujisokota hakipaswi kufanyiwa hivyo.

Magari yenye mikono mingi, mpango ambao Ford Focus ya mwaka 1998 iliuleta kwenye gari la kawaida la familia na Golf ikaufuata mwaka 2003, hurekebishika. Bolti fulani ina kamu, kisahani ambacho tundu lake haliko katikati, ukiizungusha inausogeza mkono ndani au nje. Adui hapa ni kutu. Bolti huganda ndani ya bomba la chuma la bushi, haizunguki, na fundi mwenye haraka huiacha ilivyo na kukabidhi karatasi. Uliza waziwazi: bolti ilizunguka au haikuzunguka? Ikiwa imeganda, dawa ni kuikata na kuweka bushi mpya na bolti mpya. Kwenye baadhi ya magari tou ya nyuma inarekebishika lakini kemba haina bolti kabisa, na hapo watu hufunga mikono ya kurekebishika isiyotoka kiwandani. Ni suluhisho halali, mradi ufahamu kwa nini kemba ilipotea mwanzoni.

Gari lenye difu nzima, yaani ekseli moja ngumu kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi za mabapa lina ugonjwa wake: bolti ya katikati inayoshika mabapa ikikatika, ekseli nzima husogea nyuma au mbele upande mmoja. Gari linaanza kwenda upogo. Ukilifuata kwa nyuma barabarani utaona magurudumu ya nyuma hayako kwenye njia ya yale ya mbele.

Upogo huu hautokei kwa difu peke yake. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linasukumwa wapi. Chukua mfano: gurudumu la kushoto limefunga digrii 0.20, la kulia limefunguka 0.10. Jumla ni 0.10 tu, namba ya kupendeza, na kwenye mashine inaweza kuwa kijani. Lakini magurudumu yote mawili yanatazama kulia, na wastani wake, ambao ndio pembe ya msukumo, ni 0.15 kulia. Ili gari linyooke barabarani lazima ya mbele nayo yatazame kulia kidogo, kwa hiyo usukani unakaa umepinda hata barabara ikiwa imenyooka. Fundi akirekebisha ya mbele pekee, usukani utanyooka kwa muda na mkia utabaki na shida yake. Kwa hiyo ukipewa karatasi, usiishie kwenye rangi. Tazama kushoto na kulia kila moja peke yake, tazama pembe ya msukumo, na ulizia karatasi yenye namba za kabla na za baada. Karatasi ya baada peke yake haina historia. Angalia pia kipimo chenyewe: mashine nyingine huandika digrii kwa desimali, nyingine kwa digrii na dakika, na dakika 10 ni digrii 0.17, wala si 0.10.

Kuna maandalizi ambayo gereji nzuri hufanya bila kuambiwa. Upepo hulinganishwa kwanza. Mizigo ambayo haiishi humo siku zote hutolewa, na ile inayoishi humo, mathalani mtungi wa gesi au sanduku zito la vifaa, huachwa, kwa sababu gari litatembea nayo. Urefu wa gari kutoka hab hadi upinde wa bodi hupimwa pande zote mbili. Springi iliyolala hushusha mkia, na kwenye mikono mingi mkia ukishuka kemba huzidi kuwa hasi na tou huhama nayo. Ndiyo sababu gari linalobeba buti limejaa kila siku hula matairi ya nyuma kwa ndani hata kama halijawahi kugonga shimo. Na ndiyo sababu wanaokata springi ili gari likae chini huishia kununua matairi ya nyuma kila mara. Springi fupi zilizotengenezwa kwa gari husika, pamoja na mikono ya kurudisha pembe, nazikubali. Springi iliyokatwa kwa msumeno siikubali.

Jambo moja dogo limewaharibia watu bushi mpya kuliko barabara mbovu. Bolti za mikono yenye bushi za mpira hukazwa mwisho gari likiwa limekaa kwenye urefu wake wa kutembea, magurudumu yamebeba uzito. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira wa bushi hujisokota gari linaposhushwa, na hubaki umesokotwa hivyo kila dakika ya maisha yake. Utachanika mapema, na tairi litaanza upya safari yake ya kulika. Ukikuta gari lako linakaziwa bolti hizo likiwa juu ya lifti bila jeki chini ya mkono, sema, kwa heshima, lakini sema.

Asiye na mashine karibu anaweza kujua mengi kwa uzi. Egesha mahali palipo sawa, usukani umenyooka, usogeze gari mbele na nyuma kidogo ili mikono itulie. Weka stendi nne, funga uzi mmoja kila upande kwenye urefu wa katikati ya magurudumu, na hakikisha nyuzi hizo mbili ziko sambamba kabisa na zina umbali sawa kutoka katikati ya hab kushoto na kulia. Kumbuka upana wa magurudumu ya mbele na wa nyuma mara nyingi haulingani, kwa hiyo umbali wa mbele na wa nyuma unaweza kutofautiana. Cha kulinganisha ni kushoto na kulia. Kisha pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma, halafu hadi ukingo wake wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu limefunga. Milimita moja ni rahisi kuikosea, ila milimita tatu au nne zitajitokeza zenyewe, na utaingia gereji ukijua unachodai.

Pembe zikishanyooka, yale matairi ya zamani hayaponi papo hapo. Meno yaliyokwisha chongwa yataendelea kuunguruma kwa muda hata alaimenti ikiwa kamili, kwa hiyo usirudi kumgombeza fundi siku ya pili. Yakiwa bado na kina cha kutosha bega hadi bega, yahamishie mbele yakasagike polepole. Kuanzia hapo badilishana nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, isipokuwa kama gari lina saizi tofauti mbele na nyuma, au kama tairi lina mshale wa mwelekeo, ambalo huhama mbele na nyuma upande uleule tu. Lililoonyesha waya halihami popote, linatoka garini.

Na ukinunua mawili tu, mapya yafunge nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele, hata kama muuzaji anashangaa. Kabla hayajafungwa, mwombe akuonyeshe namba nne za mwisho kwenye ubavu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pima kina chake siku hiyohiyo, ndani, katikati na nje, uandike pamoja na kilomita za gari. Ukipima tena baada ya kilomita elfu mbili tatu, tofauti kati ya bega la ndani na la nje itakuonyesha kama bushi na bolti ulizolipia zimefanya kazi.